Chipukizi wa mbio wanaonyauka vyuoni

Kila mwaka huko Marekani hutokea kijana wa sekondari ambaye magazeti humpamba kwa sifa. Ameshinda mbio za wilaya, za jimbo, hata za nchi nzima. Vyuo vikuu humgombania, na barua za ufadhili humfikia mzazi wake kabla mtoto hajamaliza mitihani. Miaka miwili ikipita, ukilitafuta jina lake katika matokeo hulioni. Hapo watu husema, “Kalewa sifa huyo,” au “Kashikwa na uvivu.” Neno hilo ni jepesi kulitamka, lakini mara nyingi si la haki.

Si kwamba kila chipukizi hunyauka. Jim Ryun wa Wichita, Kansas, alikuwa na umri wa miaka 17 alipokimbia maili moja kwa dakika 3 na sekunde 59 mwaka 1964. Alikuwa mwanafunzi wa kwanza wa sekondari nchini humo kushuka chini ya dakika 4. Alipoingia Chuo Kikuu cha Kansas aliweka rekodi ya dunia mwaka 1966, akaivunja mwenyewe mwaka 1967. Sisi Wakenya twamkumbuka kwa kuwa ndiye aliyeachwa nyuma na Kipchoge Keino katika mita 1500 za Olimpiki ya Mexico mwaka 1968.

Rekodi ya sekondari aliyoiweka Ryun mwaka 1965 ilikaa miaka 36. Aliyeivunja, mwaka 2001, ni Alan Webb wa Virginia, kwa dakika 3 na sekunde 53.43. Webb akaenda Chuo Kikuu cha Michigan, na nchi nzima ikangoja maajabu. Alikaa mwaka mmoja tu. Mwaka 2002 aliondoka, akarudi kwa mwalimu aliyemfunza mbio sekondari. Mwaka 2007 alikimbia maili kwa dakika 3 na sekunde 46.91, ambayo wakati huo ilikuwa rekodi ya Marekani. Mbio zilikuwamo mwilini mwake siku zote. Je, angebaki pale watu wanyamaze, nani angezijua?

Misimu mitatu kwa mwaka

Sababu za kunyauka ni nyingi, na haziko zote miguuni. Chuoni mkimbiaji wa masafa hukuta misimu mitatu: mbio za nyika wakati wa majani kupukutika, mbio za ndani ya ukumbi wakati wa baridi, na za uwanjani baridi ikiisha. Kila msimu kocha ataka pointi, kwa maana naye hupimwa kwa pointi. Kijana aliyezoea nyika ya kilomita 5 sasa apewa 8, na katika ubingwa wa vyuo 10. Mazoezi huongezeka ghafla, usiku kuna vitabu, usingizi haba, na hakuna mama wa kumwambia, “Mwanangu, leo pumzika.”

Wengine huwa wamekwisha kuchoka kabla ya kufika. Twayajua maembe ya kuvundika: huiva rangi kabla ya ladha. Mtoto aliyekamuliwa na mwalimu wa shule ili ashinde akiwa na miaka 16 hufika chuoni akiwa amebakiwa na rangi tu.

Mwili wa msichana

Kwa wasichana jambo hili ni zito zaidi. Umri wa kwenda chuo ndio umri ambao mwili wa mwanamke wazidi kukamilika, na kasi yaweza kupungua kwa muda. Mwenye subira huipata tena. Asiye na subira humwambia msichana apunguze chakula.

Mary Cain wa New York alifika fainali ya mita 1500 ya ubingwa wa dunia mjini Moscow mwaka 2013, akiwa na miaka 17. Hakukimbilia chuo, alijiunga na kundi la wakimbiaji wa kulipwa. Mwaka 2019 alieleza hadharani kwamba alishurutishwa kupunguza uzito, akakosa ada yake ya mwezi kwa miaka mitatu na kuvunjika mifupa mitano. Mwaka 2014 wataalamu wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki walikuwa wamekwisha kuonya kwamba mwanamichezo asiyekula kadiri ya jasho lake hudhoofika mifupa, damu na akili, awe mwanamke au mwanamume.

Sisi tuna mafunzo ya kale zaidi. Imepokewa katika Hadithi kwamba Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na Bibi Aisha (R.A.), naye Bibi akashinda. Baadaye, Bibi aliponenepa, walishindana tena na Mtume akashinda, akamwambia kwa utani kuwa wamelipana. Hakumkemea kwa kunenepa wala hakumwamuru ajinyime chakula. Mwili ni amana, nao una haki yake.

Vijana wetu

Kenya nayo imepeleka wengi huko. Henry Rono wa Nandi, akiwa Chuo Kikuu cha Washington State, aliweka rekodi nne za dunia katika siku 81 za mwaka 1978. Lakini Olimpiki hakuzionja, kwani Kenya ilisusia ya 1976 na ya 1980, na pombe ikammaliza nguvu, kama alivyokiri mwenyewe. Alifariki mwaka 2024. Mike Boit, aliyepata nishani ya shaba ya mita 800 mwaka 1972, alisoma huko huko, akarudi na kuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Kenyatta. Miguu ilipochoka, elimu ilibaki.

Kwa hivyo mzazi wa Mombasa, Malindi au Lamu ambaye mwanawe ataitwa ng’ambo kwa ajili ya mbio, asiulize karo peke yake. Aulize: akiumia, ufadhili utaendelea? Atakimbia misimu mingapi? Nani atamwangalia chakula chake, swala yake na upweke wake? Na mwana akirudi bila nishani, apokewe kwa furaha ile ile aliyoagwa nayo. Mvumilivu hula mbivu.