Je, Wajua? Programu ya Picha Inayosafiri kwa Flashi

Je, wajua kwamba programu nzima ya kuhariri picha inaweza kufika Kamina kwa treni, mfukoni mwa abiria, na kila anayeinakili akawa hajamwibia mtu? Programu hiyo ni GIMP. Leseni yake, GNU GPL, inamruhusu yeyote kuitumia, kuinakili, kumgawia mwenzake na hata kuirekebisha. Kamina ndipo zinapokutana reli za Lubumbashi, Ilebo na Kabalo; mizigo mingi imepita hapo, ila huu ni mwepesi kuliko yote. Faili lake ni mega mia kadhaa. Mmoja akilipakua mara moja mahali penye mtandao mzuri, studio zote za mji zinaweza kulichukua kwenye flashi ileile, na baada ya hapo kazi hufanyika bila intaneti.

Kwa Photoshop, programu ya kulipia ya kazi hiyohiyo, mambo ni mengine. Mwaka 2013 Adobe, kampuni inayoitengeneza, iligeukia malipo ya kila mwezi, ambayo kwa Photoshop peke yake Marekani yanazidi dola 20. Ukiacha kulipa, unafungiwa. Ndiyo maana vijana wengi hukimbilia nakala zilizovunjwa kufuli, ambazo mara nyingi huja na virusi, na virusi vikiingia kwenye kompyuta ya studio huweza kuondoka na picha za harusi za watu.

GIMP ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley: Spencer Kimball na Peter Mattis. Mafaili yanayohifadhiwa kwa GIMP huishia na herufi xcf, na herufi hizo ni kifupi cha jina la kikundi cha wanafunzi wa kompyuta walichokuwamo. Na yule ngwini mnene, nembo ya mfumo wa kompyuta wa Linux? Larry Ewing alimchora kwa GIMP mwaka 1996.

Sasa tuje kwenye mkate wa kila siku wa mpiga picha: picha ndogo za vitambulisho. Ukubwa unaotumika sana ni milimita 35 kwa 45. Kwa uchapaji wa nukta 300 kwa inchi, hizo ni pikseli 413 kwa 531. Karatasi ya sentimita 10 kwa 15 inabeba picha nane za namna hiyo, nne kwa mlalo na mbili kwa wima, na nafasi ya kukatia inabaki. Kupunguza ukubwa, kusafisha mandhari ya nyuma iwe nyeupe, kung'arisha uso uliopigwa kivulini: yote hayo GIMP inayaweza, na menyu zake zipo kwa Kifaransa.

Haikosi upungufu. Aliyezoea Photoshop atahangaika siku za kwanza kutafuta vifaa vyake, na kazi za kiwanda cha uchapaji zinazotaka rangi nne za wino bado zinaisumbua. Toleo la 3.0, la Machi 2025, linahitaji Windows 10 au zaidi. Mwenye kompyuta ya zamani ya Windows 7 achukue 2.10. Hata hivyo, kwa studio ya mtaani sioni sababu ya kulipia kitu kingine.

Na wajua kuunganisha picha, kazi ambayo GIMP inaiweza pia, kuliwahi kuipa Katanga, eneo letu hili, jina duniani? Mpiga picha Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, alichukua picha za kale za wafanyakazi wa migodi, akazipandikiza juu ya picha alizopiga mwenyewe za viwanda vilivyochakaa. Mfululizo huo, *Mémoire*, ulikamilika 2006. Miaka miwili baadaye alikuwa miongoni mwa walioanzisha Lubumbashi tamasha la sanaa la Picha. Jina lenyewe ni neno letu la Kiswahili.

Mwenye ndugu anayepanda treni kuja Kamina amwombe aje na flashi yenye GIMP, iliyopakuliwa kutoka gimp.org, si kwingineko.