Wafungwa Wanawake wa Newgate

Wengi hudhani mtu akisha kufungiwa mlango wa jela, habari zake zimekwisha. Mimi sioni hivyo. Mwaka 1813 Bibi Elizabeth Fry aliingia jela ya Newgate, London, akakuta wanawake wamesongamana pamoja na watoto wao, wakipika, wakifua na kulala humo humo. Wengine walikuwa hawajahukumiwa bado. Mwaka 1817 akawafungulia watoto shule, na mama zao akawapatia kazi ya kushona ili wapate fedha kidogo. Hilo la fedha ndilo lililonipendeza zaidi, maana atokaye jela mikono mitupu atakula nini? Sheria ya mwaka 1823 ikaamuru wafungwa wanawake walindwe na wanawake wenzao. Kabla yake, katika jela nyingi, aliyeshika funguo za vyumba vyao alikuwa mwanamume.