Mvinyo Mweupe na Msamiati wa Ulimi

Neno 'mvinyo' tulilipokea kutoka kwa Wareno, na 'divai' asili yake ni Kifaransa. Anayedai kwamba Kiswahili hakiwezi kukizungumzia kinywaji hiki anasahau kuwa kilikwisha kukipa majina mawili. Majina tunayo, maelezo ndiyo tuliyoyaazima na kuyameza bila kuyatafuna.

Tuchukue 'mvinyo mkavu'. Mfaransa huandika sec kwenye chupa, na Mjerumani trocken, wote wakimaanisha ukavu. Mwanafunzi wa chuo cha hoteli aliyekariri tafsiri hiyo atamjibu nini mteja anayeuliza vipi kinywaji kiwe kikavu? Maana yenyewe ni nyepesi: hamira imegeuza karibu sukari yote ya zabibu kuwa kileo. Basi na tuseme 'usio na sukari', nasi tutaeleweka.

Ladha nyinginezo ulimi wetu unazijua tangu utotoni. 'Ugwadu' ni ule ukali wa ndimu na embe bichi, nao ndio uliotawala katika mvinyo wa Chablis, Ufaransa, na katika Sauvignon Blanc ya Marlborough, New Zealand. 'Ukakasi', mfano wa ndizi mbichi, ni wa mvinyo mwekundu zaidi, kwani hutoka katika maganda na kokwa. Mvinyo mweupe aghalabu hutokana na maji ya zabibu yaliyotengwa na maganda kabla ya kuchachuka. Ndiyo maana watu wa Champagne huweza kuutengeneza hata kwa zabibu nyeusi. Chardonnay iliyolazwa katika mapipa ya mwaloni, kama wafanyavyo wengi kule Burgundy, huwa nzito. Riesling ya bonde la Mosel, Ujerumani, mara nyingi hubakiza utamu kiasi, na Sauternes ni tamu mithili ya asali.

Ajuaye hayo hana haja ya kukariri orodha ya vyakula. Mpishi wa Lamu humkamulia ndimu samaki wa kukaanga kwa kuwa ugwadu hukata mafuta. Mvinyo wenye ugwadu hufanya kazi iyo hiyo. Mwako wa pilipili hutulizwa na utamu na huchochewa na kileo kingi, hivyo Riesling yenye sukari kidogo hukifaa chakula kikali. Chardonnay nzito huandamana na kuku wa mchuzi wa malai. Ama kaimati zilizokolea shira, hizo huufanya mvinyo usio na sukari uonekane mchungu. Zataka mvinyo unaozishinda kwa utamu.

Makala haya hayamhimizi yeyote kunywa. Mwalimu aweza kulifundisha somo hili pasipo tone la mvinyo: ndimu, asali na kipande cha ndizi mbichi vyatosha. Wanafunzi waonje, wataje, kisha waandike. Mhudumu anayeielewa ladha kwa lugha yake ataieleza kwa lugha yoyote ya mgeni. Aliyekariri hunyamaza pale daftari lake linapokoma.