Picha za jicho la panya, na mgonjwa wa kisukari wa Gisenyi

Mgonjwa wa kisukari anapopigwa picha ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, daktari hutafuta matone ya damu, uvimbe na mishipa iliyoharibika. Madhara hayo huchunguzwa pia katika jicho la panya wa maabara. Ripoti ya uchunguzi huo ikiandikwa nusunusu, hasara yake humfikia mgonjwa, awe Gisenyi au kwingineko.

Jicho la panya mdogo lina kipenyo cha milimita 3 hivi. La mtu mzima hukaribia 24. Panya hana makula, lile eneo la katikati ya retina linalomwezesha binadamu kusoma na kutambua nyuso. Zaidi ya hayo, hulazwa kwa dawa ya usingizi kabla ya kupigwa picha, na baadhi ya dawa hizo huitia lenzi ukungu kwa muda. Kisha huja mashine ya OCT, ambayo hupima kwa mwanga unene wa tabaka za retina bila kukata chochote. Mpaka wa tabaka unaochorwa na programu moja huenda usilingane na wa nyingine. Mtafiti akiandika tu kwamba retina ilipungua unene, mwenzake hawezi kulithibitisha wala kulikanusha.

Mfano wa wazi ni wa mwaka 2012. Watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Macho ya Marekani walibainisha kwamba panya wa ukoo wa C57BL/6N, waliokuwa wakiuzwa kwa maabara nyingi, walibeba kasoro ya vinasaba iitwayo rd8, inayoweza kuleta vidoa katika retina. Ndugu zao wa karibu, C57BL/6J, hawana kasoro hiyo. Herufi moja ikiachwa katika ripoti, vidoa vya kuzaliwa navyo huweza kudhaniwa kuwa matokeo ya jaribio. (Kiswahili chenyewe kinahitaji uangalifu hapa: neno panya hubeba wanyama wawili ambao maabara huwatenganisha kabisa.)

Miongozo ipo. ARRIVE, iliyotolewa Uingereza mwaka 2010 na kufanyiwa marekebisho mwaka 2020, ina vipengele 21, na 10 kati yake huhesabiwa kuwa vya lazima: idadi ya wanyama, namna walivyogawanywa kwa kura, iwapo mpimaji alijua nani amepewa dawa. Mwongozo wa APOSTEL wa mwaka 2016, uliorekebishwa mwaka 2021, unahusu picha za OCT, lakini uliandikiwa macho ya binadamu. Ripoti ya panya inapaswa kutimiza matakwa ya pande zote mbili: ukoo, umri na jinsia, dawa ya usingizi, aina ya mashine, na umbali wa kipimo kutoka mshipa wa fahamu wa jicho. Na macho mawili ya panya mmoja si panya wawili, kosa ambalo huyapa matokeo uzito yasiostahili.

Thamani ya ripoti kamili imeonekana nchini Rwanda, katika utafiti wa binadamu. Jaribio la RAIDERS, lililochapishwa mwaka 2022, liliwagawa kwa kura wagonjwa 275 waliopigwa picha za retina katika kliniki za Kigali na kuhitaji rufaa. Waliopewa majibu papo hapo kwa msaada wa akili mnemba walifika kwa daktari wa macho kwa asilimia 51.5, waliosubiri picha zisomwe na binadamu, asilimia 39.6. Kwa kuwa hesabu zote zimewekwa wazi, msomaji huona pia lile lisilopendeza: hata katika kundi lililofanya vizuri, karibu nusu hawakufika. Na hao walikuwa Kigali. Kutoka Gisenyi hadi mji mkuu ni takriban kilomita 150 za barabara ya milima.