Hopsi Katika Pombe ya Nyumbani: Mahali Pake ni Motoni

Mtu wa Kisii au Nyamira aliyezoea amarwa, yaani pombe ya wimbi, akionja bia ya chupa hutambua mara moja kwamba vinywaji hivi si ndugu wa tumbo moja. Amarwa ni nzito na ina uchachu. Bia ni nyepesi, nayo ina uchungu unaokaa nyuma ya ulimi. Uchungu huo hautoki katika nafaka. Hutoka katika ua la mmea uitwao hopsi. Kwa sababu hiyo mtu anayeanza kujifunza upishi wa bia hudhani ya kwamba akipata gramu chache za maua hayo na kuyatupa katika mtungi wa amarwa, atakuwa amepata bia. Sivyo. Ataharibu amarwa, na bia hataipata.

Hopsi ni mmea unaotambaa juu ya kamba na miti mirefu. Maua ya mmea wa kike ndiyo yatakiwayo. Wakulima waliopata kulima pareto katika vilima vya Gusii wataelewa upesi, maana huko pia thamani yote imo katika ua, ambalo huchumwa, hukaushwa, kisha huuzwa kwa ajili ya kile kilichomo ndani yake. Chini ya magamba ya ua la hopsi mna unga wa manjano unaonata vidoleni. Ndani ya unga huo mna vitu viwili: utomvu wenye uchungu, na mafuta yenye harufu nzuri. Huko Ujerumani, katika sehemu ya Hallertau, bustani ya hopsi inatajwa katika habari za mwaka 736, na katika karne ya 12 Hildegard wa Bingen, mkuu wa watawa wa kike, aliandika ya kwamba uchungu wa mmea huu huzuia vinywaji visiharibike upesi.

Wengine watauliza kwa nini usipandwe Kisii, mahali ambapo chai, ndizi na kahawa hustawi. Jibu limo katika jua, wala si katika udongo. Kisii iko chini ya digrii moja kusini mwa ikweta, na mchana wake ni kama saa 12 mwaka mzima. Hopsi hutaka siku ndefu za kiangazi cha nchi za baridi ili urefuke kwanza. Usipozipata hutoa maua ungali mfupi, na mavuno huwa haba. Hata Afrika ya Kusini, karibu na mji wa George, wakulima walilazimika zamani kuwasha taa za umeme mashambani usiku ili kuurefusha mchana, mpaka zilipopatikana mbegu zinazoivumilia nchi ile. Basi anayetaka hopsi hapa hununua iliyotoka ng'ambo, aghalabu ikiwa imeshindiliwa kuwa vidonge vya kijani mfano wa chakula cha kuku.

Sasa tuje kwenye chungu. Kila mtu wa Nyamira anajua ya kwamba majani ya chai yakichemshwa kitambo kirefu hutoa ukali, na harufu yake hupotea pamoja na mvuke. Hopsi nayo ina tabia kama hiyo, ila tofauti moja ni kubwa. Utomvu wake hauyeyuki katika maji ya uvuguvugu. Hapana budi uchemshwe, na kuchemshwa huko huugeuza umbo ndipo ukubali kukaa ndani ya maji. Kazi hiyo huchukua muda wa saa moja hivi. Mafuta yenye harufu, kwa upande wake, huruka upesi. Ndiyo maana wapishi wa bia huigawa hopsi yao: sehemu ya kwanza hutiwa chungu kinapoanza kuchemka, ili itoe uchungu, sehemu ya pili hutiwa zikibaki dakika tano tu, ili itoe harufu. Anayeanza asitafute elimu zaidi ya hiyo.

Hebu itazamwe namna akina mama wa Gusii wanavyotengeneza pombe yao. Unga hukandwa kwa maji, huachwa siku chache uchache, kisha hukaangwa juu ya bati pana mpaka uwe chenga za rangi ya kahawia. Baada ya hapo hutiwa majini pamoja na kimea cha wimbi, yaani wimbi uliooteshwa, ukaanikwa na kusagwa. Kukaanga huko si kazi bure, kwa kuwa wanga usiopikwa hauvunjwi vizuri na nguvu ya kimea. Lakini angalia: moto umekwisha kabla kimea hakijatiwa. Kuanzia hapo pombe haichemshwi tena hata inapochujwa na kunywewa. Hopsi ingetiwa wapi?

Na kuna jambo jingine. Uchachu wa amarwa ni kazi ya vijidudu vile vile vinavyogandisha maziwa. Vijidudu hivyo ndivyo adui mkubwa wa hopsi, au tuseme hopsi ndiyo adui yao, kwa maana uchungu wake huwazuia wasizaane. Faida yake ni kwamba bia hukaa miezi, na amarwa haikai ila siku chache. Hasara yake ni kwamba ladha ambayo wazee huitafuta katika mtungi haipatikani penye hopsi nyingi, tena uchachu na uchungu vikikutana katika kikombe kimoja hugombana. Mtu achague moja. Hakuna aibu katika kuchagua amarwa.

Aliyechagua bia na aanze kwa kiasi kidogo, lita tano tu, ili akikosea asipoteze gunia. Apike uji mwepesi wa unga wa mahindi, nusu kilo katika lita nane za maji, uive kabisa. Auache upoe mpaka digrii 65, ndipo akoroge ndani yake kilo moja ya kimea cha wimbi kilichosagwa. Kipimajoto ni lazima hapa, kwa sababu uji ukiwa moto mno huiua nguvu ya kimea. Kimea chenye ukungu kitupwe, kisijaribiwe. Chungu kifunikwe kwa blanketi muda wa saa moja na nusu. Uji utalegea na kuwa mtamu. Kisha uchujwe taratibu kwa kitambaa safi, na maji matamu yarudishwe motoni. Yakianza kuchemka zitiwe gramu 10 za hopsi ya uchungu wa kadiri, ambayo pakiti yake huandikwa asilimia 5. Kama pakiti imeandikwa asilimia 10, nusu ya kipimo hicho yatosha. Mwishoni zitiwe gramu nyingine tano kwa ajili ya harufu.

Vitabu vingi vya upishi huu viliandikwa na watu wa nchi za mabondeni, nao husema dakika 60. Lakini mji wa Kisii uko kama mita 1,700 juu ya bahari, na huko maji huchemka kwenye digrii 94 hivi, si 100. Pande za Keroka, kwenye mwinuko wa karibu mita 2,000, huchemka chini ya hapo. Uchungu wa hopsi hutoka polepole zaidi katika maji ya namna hiyo. Kwa hiyo mpishi wa Gusii achemshe dakika 75 au 90, wala asikimbilie kuongeza hopsi, ambayo bei yake si ndogo.

Baada ya hapo sufuria ipozwe upesi ndani ya karai la maji baridi, na maji ya kimea yahamishiwe katika chombo kilichooshwa kwa maji ya moto. Hamira ya bia itiwe yakiwa yamepoa kama maji ya mtoni. Mtungi wa zamani wa amarwa usitumiwe, hata ukisuguliwa namna gani, maana vijidudu vya uchachu vimejificha katika vitundu vya udongo wake, na hopsi kidogo haiwezi kuvishinda vyote. Tena hopsi haizuii kila kitu: hewa ikiingia, bia hugeuka siki vile vile. Ikae wiki mbili. Atakayeitia katika chupa za kioo kabla haijamaliza kuchacha atasikia mlio wa chupa zikipasuka usiku, na vigae vyake hutoboa macho. Chupa ziwe za rangi ya kahawia, kwa sababu mwanga wa jua huugeuza uchungu wa hopsi kuwa na uvundo kama wa kicheche.

Yasidhaniwe, kwa kuwa hopsi huhifadhi pombe, kwamba huondoa sumu. Watu wengi waliokufa Mei 2014 katika Embu na kaunti nyingine za Kenya waliuawa na pombe iliyotiwa methanoli, na hakuna ua wala jani liwezalo kuisafisha pombe ya namna hiyo. Nayo sheria ya vileo ya mwaka 2010 inamtaka mwenye kutengeneza kwa ajili ya kuuza awe na leseni, na inakataza asiuziwe mtu ambaye hajatimiza miaka 18.

Machicha ya nafaka yaliyochujwa kabla ya hopsi kutiwa hufaa kwa ng'ombe na nguruwe kama ilivyo desturi. Lakini masimbi ya hopsi yanayobaki chini ya sufuria yafukiwe shimoni, mbali na mbwa. Mbwa akiyala mwili wake hupata joto kali, huhema sana, na pengine hufa siku ile ile. Katika boma ambamo mabaki ya pombe yamezoea kumwagwa nyuma ya jikoni, watoto waambiwe jambo hilo kabla sufuria haijaoshwa.