Sinia la Futari

Pwani yetu, kuanzia Lamu hadi Kilwa pamoja na Unguja na Pemba, mwezi wa Ramadhani una mapishi yake. Alasiri nazi hukunwa, tui likakamuliwa, muhogo na magimbi vikabandikwa jikoni, na ndizi mbivu zikatiwa iliki. Adhana ya magharibi ikilia, watu hufungua kwa tende na maji, huswali, kisha hukusanyika kwenye sinia. Kabla ya hapo watoto wameshapeleka sahani kwa majirani, na sahani ya jirani hairudishwi tupu.

Utaratibu huu una faida kubwa kwa mwili. Tende chache humrudishia mfungaji nguvu upesi, swala hulipa tumbo nafasi, na mbaazi au kunde zikiliwa pamoja na muhogo hupunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu.

Kinachotuumiza ni tulivyoviongeza. Siku hizi kaimati za shira, tambi za sukari, sambusa na bajia huandaliwa zote kwa usiku mmoja, na soda haikosekani. Chupa ya mililita 300 ina karibu vijiko vinane vya chai vya sukari. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi gramu 50 hivi kwa siku, na ikiwezekana iishie 25. Soda hiyo moja imeshavuka 25, na kaimati bado hazijaguswa! Mazoea hayo yakihamia kwenye miezi mingine, uzito hupanda, insulini ikazidiwa, na kisukari kikapata njia. Chumvi nyingi ya achari na vitafunio nayo hupandisha shinikizo la damu.

Kuhusu tui tuambizane kweli: kasimele, yaani tui zito, ina mafuta mengi yanayoweza kuongeza lehemu mbaya. Kwa siku za kawaida tui jepesi latosha, kasimele tuiwekee wageni na sikukuu.

Sitaki kaimati ziondoke kwenye sinia, maana futari bila kaimati ina upungufu. Naomba ziwe chache, na soda ipishe maji au maji ya ukwaju yasiyotiwa sukari nyingi. Na wewe unayeishi na kisukari, muone daktari kabla mwezi haujaandama. Akikukataza kufunga, usione haya: dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa ya kula.