Upanga katika Visasili: Si Nguvu Peke Yake

Mwanafunzi wa fasihi akiulizwa upanga unaashiria nini, aghalabu hujibu kwa neno moja: nguvu. Pengine huongeza methali isemayo mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, kisha huweka kalamu chini. Jibu hilo ni nusu tu, nasi walimu tumezoea kulipa alama zote. Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa katika visasili upanga huashiria kubadilika kwa mhusika zaidi ya uwezo wake wa kuua.

Hapa Rwanda, hata hivyo, mwalimu hana budi kuanza na neno lenyewe. Upanga (wingi: panga) ni silaha ya askari, nayo hukaa alani. Panga (wingi: mapanga) ni chombo cha kufyekea. Upatanisho ndio unaotofautisha: panga hizi, panga hili. Kwa darasa letu jambo hili si la sarufi tu. Mapanga yalitumika katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Anayesifu upanga wa shujaa bila kwanza kuyatenganisha maneno haya huenda akawaumiza wanafunzi bila kujua.

Mfano ninaoupenda ni wa Mfalme Arthur wa Uingereza, kama ulivyosimuliwa na Thomas Malory katika kitabu kilichopigwa chapa mwaka 1485. Arthur anauchomoa upanga jiweni bila kutafuta ufalme. Anataka kumpelekea Kay, aliyedhani ni kaka yake, ambaye ameusahau wake nyumbani. Papo hapo Ector, mlezi wake, anapiga magoti na kumweleza kwamba yeye si baba yake mzazi. Kijana anasikitika. Saa ileile anayopata ufalme ndiyo anayompoteza baba. Tukisema "nguvu" tu, huzuni hii yote tunaiacha nje.

Upanga huo baadaye unavunjika vitani, naye anapewa mwingine, Excalibur, kutoka ziwani. Merlin anamwuliza: kipi bora, upanga au ala? Arthur anachagua upanga. Merlin anamsahihisha: ala ina thamani mara kumi, kwani aivaaye hapotezi damu hata akijeruhiwa. (Wanafunzi wengi hulisahau neno ala, hapa hawalisahau tena.) Mwishoni, akiwa na jeraha la kufa, anamwagiza Bedivere autupe upanga majini. Bedivere anauficha na kudanganya mara mbili. Mara ya tatu anautupa, na mkono unatokea majini kuupokea. Aliyepewa amerudisha.

Muhimu pia ni nani anayeitoa silaha. Katika visasili vya Wagiriki, Aegeus aliacha upanga na viatu chini ya jabali ili mwanawe Theseus, akipata nguvu za kuliinua, amfuate. Ni aina ya jando. Sasa tumlinganishe na mwana wa Fumo Liyongo katika masimulizi ya pwani yetu ya Afrika Mashariki. Yeye silaha yake ni sindano ya shaba, na anatumwa na maadui wa baba yake kwa ahadi ya cheo na mke. Anamchoma baba kitovuni akiwa amelala. Cheo hakipati, mke hampati. Darasani huwauliza wanafunzi: kijana huyu alikua lini?